Usiku ulikuwa wa nani? Kutoka annexe ya Muhumba mpaka Porte de Namur

Leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Wenye wananijua wanajua nilisoma agronomie, na hapa mara nyingi ninaleta mambo ya udongo. Ila kuna swali moja limenikalia kichwani tangu miezi kadhaa, na limetoka ndani ya chumba changu mwenyewe.

Ninakaa Muhumba, katika annexe. Kwa wenye hawajafika Bukavu: Muhumba ni moja ya zile rasi tano zinazoingia ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Kuko nyumba kubwa za zamani, miti mirefu, na nyuma ya nyumba nyingi kuko kijumba kidogo. Leo tunaita annexe, na sisi vijana tunapanga humo. Wakati wa Mbelgiji iliitwa boyerie, maana yake nyumba ya boyi. Chumba changu kina dirisha moja tu, liko juu sana, na linaangalia ukuta. Mimi nilifikiri fundi alikosea.

Siku moja koko wangu akaja kunitembelea. Amezaliwa mwaka 1939, na akiwa kijana alisaidia mpishi katika nyumba kama hizi. Akaangalia lile dirisha, akacheka.

“Hapana, fundi hakukosea,” akasema. “Boyi hakupaswa kuona barza wakati wazungu wanakunywa.”

Nikamuuliza kama muziki alikuwa anausikia. Akasema ndiyo, gramofoni yao ilisikika mpaka jikoni. “Kusikia ilikuwa huku. Kucheza ilikuwa Kadutu.”

Basi njo nikaanza kujiuliza: katika miji yetu, usiku ulikuwa wa nani?

Katika Congo ya Mbelgiji kila mji mkubwa ulikuwa miji miwili. Kulikuwa ville, ya Wazungu, na cité, ya Waafrika. Hapa kwetu, wakati mji ungali unaitwa Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa serikali ya koloni, ville ilikuwa upande wa Ibanda, kando ya maji. Waafrika wakapewa Kadutu, juu ya kilima. Bagira ikajengwa nyuma, miaka ya 1950. Mchana watu walichanganyika, juu kazi ilitaka mikono. Usiku mlango ulifungwa: Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea ville bila karatasi, na hata Mzungu hakutakiwa kuingia cité vile anataka.

Na usifikiri diploma ilisaidia sana. Mwaka 1948 serikali ilileta kadi ya mérite civique kwa wale walioitwa “évolués”. Mwaka 1952 ikaleta immatriculation, ambayo ilikuwa juu zaidi. Ili uipate, watu wa tume walikuja mpaka nyumbani kwako kuangalia vile unakula, vile unalala, vile unaongea na bibi yako. Sisi tunaolalamika juu ya défense ya TFC, tufikiri kidogo: hawa wakubwa wetu walifanya défense ya kitanda na sahani. Na waliopita walikuwa wachache sana.

Sasa, sisi watu wa shamba tuna somo moja: mmea haumei mahali unataka, unamea mahali maji yamefika. Mkoloni alifunga usiku wa ville, basi maisha yote ya usiku yakajaa cité. Mfano unaojulikana vizuri ni Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kisha vita ya pili ya dunia watu wengi waliingia mjini, mishahara ikawa inatoka kila mwezi, na bia ilikuwa tayari. Wafanyabiashara wageni wakafungua nyumba za kurekodi: Ngoma mwaka 1948, halafu Opika na Loningisa. Sahani za Cuba, zile zenye alama GV, zilikuwa zimeingia tangu miaka ya 1930, na vijana wetu wakatambua ngoma ndani yake kama mtu anayekutana na mjomba aliyepotea. Si ajabu: sehemu kubwa ya ngoma hiyo ilivushwa bahari na watumwa, na wengi wao walitoka upande wetu wa Congo.

Ila sahani peke yake haileti orkestra. Orkestra inataka vyombo, na vyombo vinataka pesa. Gitaa ya umeme, amplifikateri, saksofoni: kijana wa cité angezinunua na nini? Hapo ndipo bar ilikuwa na nguvu. Mara nyingi mwenye bar ndiye alinunua vyombo, akakodisha wanamuziki, na wao wakamletea wateja. Ndiyo maana jina la orkestra kubwa kuliko zote limetoka kwenye bar. Juni 1956, kundi la vijana, Franco akiwa kati yao, walianza kupiga pamoja katika O.K. Bar ya Oscar Kashama. Wakaitwa OK Jazz. Franco alikuwa hajafika miaka 18. Jina lile likadumu zaidi ya miaka 30; yeye alikufa mwaka 1989.

Watawala na mapadri hawakupenda yote haya. Wendo Kolosoy alipoimba Marie-Louise mwaka 1948, pamoja na gitaa ya Henri Bowane, uvumi ulitembea kwamba ukipiga ule wimbo saa sita za usiku, wafu wanaamka. Tunaweza kucheka, lakini tuangalie ile hofu ilikuwa wapi: saa sita za usiku, watu weusi wako pamoja, hawalali, hakuna anayewasimamia.

Sitaki kupaka bar sukari. Mishahara mingi iliishia kwenye chupa, na mama wengi walingojea mwisho wa mwezi bure. Hata hivyo wanawake hawakuwa pambo tu. Huko Léopoldville walikuwa na vyama vyao vya mavazi na kusaidiana, walikaa pamoja mezani, na orkestra zilitafuta kupendwa nao. Na wakati uleule serikali ilitoza kodi ya pekee kwa wanawake waliokaa mjini bila mume. Yaani mwanamke akitoka usiku alihesabiwa kama tatizo, halafu akalipishwa.

Tuvuke sasa mpaka Bruxelles.

Mwaka 1958 Bruxelles ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, yale yaliyoacha Atomium. Mamia ya Wacongo walipelekwa. Kwaya ya watoto kutoka Kamina, wale wa Missa Luba, ilipigiwa makofi. Lakini palepale kulikuwa kijiji cha majani, na ndani yake Wacongo wakikaa kazini mbele ya macho ya watu, nyuma ya uzio. Wageni wengine waliwatupia ndizi na maneno machafu. Mwezi wa saba watu wa kijiji wakachoka, wakarudi nyumbani. Mchana wa Bruxelles ulikuwa namna hiyo.

Miezi 18 tu nyuma yake, Januari 1960, viongozi wetu wakafika mji uleule kwa Table Ronde. Tarehe 27 Januari ikakubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni 1960. Na safari hii kulikuwa na orkestra: African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, pamoja na Nico na ndugu yake Dechaud kwenye gitaa. Vicky Longomba na Brazzos walitoka OK Jazz, mpinzani wao wa kila siku, wakaungana nao. Wakapiga katika Hôtel Plaza, katikati ya mji, mahali wajumbe walikutana. Humo njo Indépendance Cha Cha ilisikika, wimbo unaotaja viongozi na vyama kimoja kimoja, ili asijisikie mtu ameachwa nje.

Mimi ninasimama hapo kila mara. Watu ambao kwao, katika nchi yao, miaka michache mbele yake, wangekamatwa wakitembea ville usiku, sasa wanacheza usiku katika hoteli kubwa ya mji mkuu wa yule aliyewafungia. Siasa ilifanyika mezani mchana, ndiyo. Lakini wajumbe wa makabila na vyama vilivyogombana walicheza mguu mmoja usiku, na wimbo ukafika Congo mbele ya mikataba.

Bruxelles pia ilikuwa na klabu moja ya Waafrika, Les Anges Noirs. Kiongozi wa orkestra pale alikuwa kijana wa Douala, Manu Dibango. Mwaka 1960 Kabasele akamkuta humo, akapenda saksofoni yake, akamwingiza studio pamoja na African Jazz. Mwaka uliofuata Dibango akaja Léopoldville, na baadaye akafungua klabu yake mwenyewe, Tam-Tam. Mwenye ataimba Soul Makossa mwaka 1972 na kusikiwa dunia nzima alipita kwanza shule ya usiku wetu. Bila kile chumba cha Bruxelles, wale wawili wangekutana wapi?

Na kuna jambo linalotugusa sisi wanafunzi. Mwaka 1961 ilifunguliwa Maison Africaine katika commune ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, kwa kulaza wanafunzi kutoka Afrika. Mwanafunzi akilala mahali, anatafuta chakula cha kwao, kinyozi anayejua nywele zake, na pahali pa kusikia rumba Jumamosi. Polepole maduka yakaja, bar zikaja, na kartye ikapewa jina Matonge, kwa kufuata Matonge ya Kinshasa. Tarehe 30 Juni 2018 uwanja mmoja palepale Porte de Namur ulipewa jina la Patrice Lumumba. Ukifuata uzi kutoka mwanzo, unakuta vitanda vya wanafunzi na watu waliokataa kulala saa tatu.

Turudi Muhumba.

Wengine wataniambia: ndugu, watu wanatafuta unga, wewe unaleta muziki? Ninaelewa. Tangu Februari 2025 usiku wa Bukavu umekuwa mfupi. Watu wanarudi mapema, milango inafungwa mapema, umeme wenyewe unakuja vile unataka. Vijana wanaopiga gitaa wanapigia simu, peke yao, ndani ya chumba, na mwenye kusikiliza yuko peke yake naye. Hasara hiyo hauioni sokoni. Ni kama udongo unaochukuliwa na mvua: mwaka wa kwanza hauoni kitu, mwaka wa tano hauvuni.

Sisemi tudai bar. Ninasema tusikubali kwamba kukutana ni anasa. Kama usiku hauwezekani, kuna mchana. Kuna sali za parokia na za mashule, na kuna saa nane ya Jumapili. Chama chetu kina watu walio na vyombo, wengine wana funguo za sali, wengine wanajua kupanga viti. Katika zile bar za cité mwenye vyombo ndiye aliwezesha orkestra. Tunaweza kuweka pamoja amplifikateri moja na gitaa mbili, ziwe za wote, kwa zamu. Na kila mmoja ambaye angali na koko hai, amuulize: ulicheza wapi, nani alipiga, ulilipa franka ngapi, ulirudi saa ngapi. Andika. Wazee waliocheza cha-cha ya kwanza leo wamepita miaka 80.

Mimi wangu nilimuuliza. Akaniambia kwamba usiku wa 30 Juni 1960 alikuwa hapahapa Muhumba. Radio ilikuwa inapigwa kwa nguvu, na yeye na mpishi wa nyumba ya jirani wakatoka jikoni, wakacheza barabarani, chini ya miti, mpaka saa nne zikapita. Askari mmoja akapita na baiskeli. Hakuuliza karatasi. Koko akasimama akanionyesha mguu ulivyokwenda, mkono umeshika ukuta wa annexe, na kwa mtu wa miaka ile, wandugu, alinishinda.

Nikamwambia abaki tule, nimepika sombe. Akaangalia juu, kwenye lile dirisha, mwanga ulikuwa unaanza kupungua.

“Hapana, mjukuu,” akasema. “Niitie moto. Nifike Kadutu mbele ya giza.”

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.