Rumanyika, Mfalme Aliyeilinda Nchi kwa Ukarimu

Novemba 1861, wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, waliondoka Usui, nchi ya upande wa Biharamulo ya leo, wakiwa wamekamuliwa. Suwarora, mtawala wa Usui, alitoza hongo (ushuru wa njia) ya shaba na nguo, na uso wake hawakuuona. Walipovuka kuingia ufalme wa Karagwe walipokewa na Kachuchu, mjumbe wa Omukama (mfalme) Rumanyika, akiwa na amri ya bwana wake: wageni walishwe njia nzima, wasidaiwe kitu.

Rumanyika alijua thamani ya rafiki wa mbali. Baba yake Ndagara alipofariki, Rogero, mdogo wa Rumanyika, aligombea kiti. Speke alisimuliwa kwamba ndugu hao walitegewa ngoma ndogo ya kifalme. Wenzake hawakuweza kuinyanyua, Rumanyika akaiinua kwa kidole cha mwisho. Lakini ngoma haikuzima vita. Ilibidi Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh (Tabora ya leo), ampelekee Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili amuunge mkono Rumanyika.

Huko Bweranyange, makao makuu ya Rumanyika, ndoa nazo zilikuwa na siasa yake. Speke alimpima mke wa kaka mmoja wa mfalme: mkono wa juu ulikuwa na mzingo wa karibu sentimita 58, na bibi mwenyewe hakuweza kusimama. Wazezeru, kaka wa mfalme, alimwonyesha vyombo vya maziwa: siri ilikuwa humo. Mgeni aliyaandika hayo kama kioja. Sisi wa nchi ya ng'ombe tunaelewa zaidi: kumnywesha mwanamke maziwa tangu usichana kulitaka zizi lililojaa, na unono wake uliwatangazia majirani utajiri wa nyumba aliyoolewa.

Januari 1862 Speke alikwenda kwa Mutesa, mwana wa Suna, baada ya Rumanyika kumfungulia njia. Grant, mguu ukimuuma vibaya, alibaki chini ya uangalizi wa mfalme hadi Aprili. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876, naye alipokewa vizuri.

Karagwe ilikuwa ndogo mbele ya Buganda na Rwanda. Rumanyika hakuwa na jeshi la kuzitisha, ila alikuwa na chakula, maziwa na neno la kuaminika. Sisi wa Ngara, tunaoishi mpakani na Rwanda na Burundi, tumuenzi mfalme huyu: jirani aliyeshiba kwako hufikiri mara mbili kabla ya kukuinulia mkuki.