Pikapu ya mazutu ikigoma kuwaka: sikiliza kwanza, kisha angalia moshi

Kati ya Sake na Walikale, pikapu ni basi, ni gari la viazi na makala, na mara nyingi ni gari la wagonjwa. Ikigoma asubuhi, mama mjamzito anayengojwa hospitali anabaki kando ya barabara ao anabebwa kwa tipoyi. Hasara nyingine huletwa na fundi mwenye haraka, yule anayefungua pompi ya enjeksio kabla ya kujua ugonjwa. Pompi hiyo inataka meza safi na mashine ya kuipima. Ikifunguliwa kwenye matope haitarudi ilivyokuwa. Kwa Land Cruiser zenye moteri ya 1HZ na Hilux zenye 5L, ugonjwa mara nyingi uko nje ya pompi: batri, hewa, maji ao waya mmoja tu.

Kazi ya kwanza ni ya masikio. Ufunguo ukizungushwa, moteri inazunguka ao hapana? Ikipiga «tak» moja na kunyamaza, ao ikizunguka kwa uchovu, mazutu hayana kosa. Fundi anaangalia vichwa vya batri, anasugua ule unga wa kijani na nyeupe, anakaza waya wa masi unaoshika kwenye shasi. Batri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12 imekwisha. Kusukuma gari kunasaidia, lakini si kila mara: kwenye pompi kuna kifunga-mazutu kinachofunguliwa na umeme. Batri iliyokufa kabisa haikifungui, hata vijana wa kijiji kizima wasukume.

Kama moteri inazunguka vizuri lakini haiwaki, mtu mmoja asimame nyuma na kuangalia bomba la moshi. Moshi haupo kabisa? Mazutu hayafiki kwenye moteri. Moshi mweupe unatoka? Mazutu yanafika lakini hayashiki moto. Mweusi unaonyesha kwamba hewa ni kidogo. Filtre ya hewa imejaa vumbi ao matope.

Pasipo moshi, kwanza kile kifunga-mazutu. Ufunguo ukiwekwa kwenye kontakti, waya wake ukichomolewa na kuguswa tena, lazima kisikike kikilia «tik». Kikinyamaza, umeme haufiki ao chenyewe kimekufa. Waya uliokatwa, wakati mwingine na panya, unaweza kusaidiwa kwa muda na waya mwingine kutoka upande wa chanya wa batri. Lakini shofere akumbuke: siku hiyo ufunguo hautazima moteri, ni kuchomoa ule waya.

Kikilia vizuri, tafuta hewa na maji. Mazutu ya vidumu yanayouzwa kando ya barabara hubeba maji na uchafu, na maji hukaa chini ya filtre. Yafunguliwe kwa chini, yatoke mpaka mazutu safi yaonekane. Kisha kipompi cha mkono kilicho juu ya filtre kipigwe mpaka kiwe kigumu. Kisipokuwa kigumu, kuna mpira ao kifungo kinachovuta hewa. Milima ya Masisi yenyewe inasaidia kujua: gari inayowaka vizuri ikilala na pua chini, lakini inakataa ikilala na pua juu, usiku mazutu yake yanarudi kwenye tanki. Mwisho, zile nati za mabomba kwenye enjektere zilegezwe kidogo, moteri izungushwe mpaka mazutu yateme bila mapovu, halafu zikazwe. Mkono usiwekwe mbele ya yale mazutu; presha yake inapenya ngozi.

Moshi mweupe wa asubuhi, huku Mushaki na milima mingine, watu husema mazutu yameganda. Hapana, baridi ya huku haifiki hapo. Tatizo ni buji za kupasha. Ile bamba inayoziunganisha ikitolewa, ampuli ndogo iunganishwe na chanya ya batri, waya wake wa pili uguse kichwa cha buji moja moja. Ampuli ikiwaka, buji ni nzima, isipowaka, imekufa. Na ile tabia ya kupuliza eta ao kumwaga esanse kwenye njia ya hewa iachwe: buji zikiwa moto, inalipuka.

Upande wa Walikale kuna hatari nyingine. Gari iliyozimika ndani ya mto ao dimbwi refu isizungushwe na demareri hata mara moja. Moteri hizi hubana hewa karibu mara 22, na maji hayabaniki. Kitakachopinda ni biele. Buji zote zitolewe, moteri izungushwe taratibu kwa mkono mpaka maji yatoke, oili ibadilishwe, ndipo ijaribiwe.