Kunguru wa Feri na Taka Zinazomlisha

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, visiwa vikiwa tayari chini ya himaya ya Waingereza, na kazi aliyoletewa ni kula taka za mji. Waliomleta walipata mfagizi asiyedai mshahara. Hesabu yao iliwaharibikia upesi: kufikia muongo wa pili wa karne ya 20 serikali ileile ilikuwa inatoa zawadi kwa anayemuua au kuleta mayai yake. Hapo palikuwa na somo ambalo halikuzingatiwa. Ndege ndiye aliyehukumiwa, na taka zilizomstawisha zikaachwa zilipo. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, kisha akaenea katika miji ya pwani hadi Dar es Salaam, na kila alikofika ameandamwa kwa namna hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba historia hii yote ni ya usimamizi mbaya wa mazingira kuliko ya ndege mharibifu, na kwamba ndege wetu wa asili hawatarudi mjini mpaka tuanze na ardhi inayomlisha kunguru.

Ushahidi mkubwa uko katika maisha yake. Hakuna kundi linalojulikana la kunguru huyu linalojitegemea mbali na makazi ya watu. Feri jijini Dar es Salaam, kwenye soko la samaki la Magogoni lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, mezani pa wapaa samaki hutoka magamba, matamvua na matumbo kuanzia alfajiri. Ongeza mabaki ya wakaangaji na mama lishe, majalala ya Kariakoo, na damu na mifupa ya machinjio ya Vingunguti, na kunguru ana karamu isiyo na msimu. Kwa sababu hiyo huzaliana kupita kiasi ambacho ardhi ingeweza kumlisha, kisha kundi hilo kubwa huvamia viota vya chozi, mnana na tetere na kula mayai na makinda. Hata kunguru wa asili mwenye kifua cheupe, mkubwa kuliko huyu mgeni, amesukumwa nje ya sehemu kubwa ya jiji.

Wanaohifadhi ndege wa nyasi walishaielewa kanuni hii ya kuanza na ardhi. Kwenye uwanda wa Kinangop nchini Kenya, Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nje ya nchi hiyo, alianza kutoweka pale nyasi za mafungu zilipolimwa viazi na kabichi baada ya mashamba makubwa kugawanywa kufuatia uhuru wa mwaka 1963. Hakuna adui wa kumpiga risasi pale. Kinachomfaa ni nyasi zenyewe kubaki, na kondoo na ng'ombe kulishwa kwa kiasi, zisirefuke mno wala zisikwanguliwe. Ndiyo maana shirika la Nature Kenya lilinunua vipande vya ardhi huko. Mjini hatuna malisho, ila tuna majalala, na nayo husimamiwa au hayasimamiwi.

Wapo watakaosema kwamba kunguru anasaidia kusafisha. Anakula kidogo na kutawanya kingi, na kinyesi chake hudondoka juu ya mabati, magari na meza za chakula. Kipindupindu hakijawahi kuikwepa Dar es Salaam kwa sababu yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sumu hupunguza kunguru haraka, wakati usafi wa jiji ni kazi ya miaka. Ni kweli. Zanzibar katika miaka ya 1990 ilitumia mitego na sumu, idadi ikashuka sana. Fedha za wafadhili zilipokwisha, kunguru walirudi, kwa kuwa chakula kilikuwa palepale. Dar es Salaam nayo ilipoendesha kampeni ya mitego na sumu katika muongo uliopita, maelfu kwa maelfu waliuawa, na leo bado wanapiga kelele Kivukoni. Siipingi sumu yenyewe, inayotumiwa na wataalamu. Napinga kuitumia peke yake. Wala tusimbebeshe lawama mpaa samaki anayelipa ushuru wa meza na kukosa pa kutupa matumbo.

Fedha za kuua kunguru zikipatikana tena, fungu la kwanza linunue mapipa yenye vifuniko ya Feri na Vingunguti, pamoja na gari la kuondoa taka kila siku kabla ya adhuhuri. Sumu ifuate baadaye.