Mazuku ya Lac Vert: wenye neno na wenye vitabu

Kabla ya mashine za kupima hewa kufika, wakaaji wa magharibi ya Goma walikuwa tayari na jina la kile kinachoua bila moshi: mazuku. Leo neno hilo limo katika majarida ya sayansi ya Ulaya na Marekani, limeandikwa vilevile kama linavyotamkwa Lac Vert, Bulengo na Mugunga. Wataalamu hulieleza kuwa ni "upepo mbaya". Mtu wa pwani akilisikia huenda akakumbuka mzuka, na hatakuwa mbali sana na maana.

Mambo yenyewe ni haya. Chini ya mawe ya volkano hutoka gesi ya kaboni, ile ile inayotoka puani mwa mtu anapopumua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni kama maji. Hewa ya kawaida huwa nayo kiasi cha asilimia 0.04, ikipita asilimia 10 mtu huzimia, na asipotolewa upesi hufa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Ndiyo maana shimo lililoua mbuzi saa kumi na mbili asubuhi laweza kuonekana halina neno saa sita mchana. Mtoto hupatwa kabla ya mtu mzima, kwa sababu pua yake iko karibu na chini.

Nani huwa mabondeni alfajiri? Ni mama mwenye bidoni anayeteremka ziwani, msichana anayetafuta kuni, na mchungaji. Hao ndio waliojifunza kutazama ndege aliyekufa, mjusi aliyekauka, moto unaozimika wenyewe ukiinamishwa shimoni. Maarifa hayo yalilipwa kwa maisha ya watu. Lakini ukifungua vitabu, utakuta neno la mazuku bila jina hata moja la aliyelifundisha.

Desturi hiyo ni ya zamani. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji walianzisha Parc Albert, ambayo leo ni Virunga, kwa kusukumwa hasa na Carl Akeley, Mmarekani aliyetaka sokwe walindwe. Sokwe walipata ulinzi. Wambuti na Watwa waliokuwa wakiishi kwa msitu wakageuzwa wavamizi katika msitu huo huo. Nyamuragira ilipolipuka mwaka 1938 na mtiririko wake ukafika ziwani Kivu upande wa Sake, Jean Verhoogen aliuchunguza, na kitabu chake kikachapishwa na taasisi ya hifadhi mwaka 1948. Kazi yake ni nzuri, haina ubishi. Ila hakuna msafara wa aina hiyo uliopanda mlima bila wapagazi na waongozaji. Mwaka 1947 Wabelgiji wakaanzisha IRSAC, ambayo kituo chake kikuu kikajengwa Lwiro, Kivu ya Kusini. Mtu wa kijiji alipimwa na kuulizwa. Ripoti ilikwenda Brussels, kwa lugha asiyoisoma.

Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji, wakiwemo Godefroid Muzalia, Emery Mudinga, Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms na Koen Vlassenroot, walitoa kitabu kiitwacho Bukavu Series kuhusu jambo hilo hilo. Kilisema wazi yaliyokuwa yakinong'onwa: Mkongo ndiye anayevuka vizuizi vya wenye silaha na kubeba hofu nyumbani, kisha makala ikitoka anaitwa "msaidizi", au haitwi kabisa. Ni kitabu cha haki. Hata hivyo swali lake halikomi kwa mtafiti wa chuo kikuu. Huyo mama wa bidoni naye yuko nyuma ya msaidizi.

Lac Vert imeonyesha hasara ya kutomwuliza. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Mugunga. Miaka karibu thelathini baadaye, vita vya M23 vilileta watu wa Masisi na Rutshuru, na mahema yakasimama Bulengo na Lac Vert juu ya ardhi ambayo wenyeji wanaijua shimo kwa shimo. Wageni hawakuijua. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto. Februari 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi za magharibi ya mji zikavunjwa. Mahema yaliondoka, gesi haikuondoka.

Ramani ya mazuku inayochorwa pamoja na vikundi vya akina mama, kwa Kiswahili chao, na nakala ikabaki kwao, haihitaji fedha nyingi. Kwa Wambuti ipo hata sheria: ile namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayotambua haki zao juu ya ardhi na maliasili wanazozitumia. Mtafiti anayepita Mugunga akiwa na karatasi yake ya maswali aweza kuanza kwa kuwasomea hiyo, kabla hajauliza lake.