Breki ya Pumzi

Ukikua na ndugu mwenye pumu, unaijua ile filimbi ya kifuani saa nane usiku. Njia za hewa zimezungukwa na misuli laini. Ikijikaza, pumzi inabaki kupenya kwenye katundu. Mimi nimevutiwa na swali la upande wa pili: nani huilegeza?

Jibu la haraka ni adrenalini. Inhela ya salbutamol inaiga hiyohiyo. Lakini mwaka wa 1976 Richardson na Béland, watafiti wa Kanada, walichapisha kitu cha ajabu. Walichukua vipande vya njia ya hewa ya binadamu, wakaviweka hai kwenye maji ya chumvi, kisha wakavipitishia umeme wa mipigo mifupi. Umeme wa namna hiyo huamsha neva zilizobaki ndani ya nyama, halafu neva ndizo zinaamrisha misuli. Misuli ikajikaza. Wakatia atropini, inayozima amri ya kukaza. Sasa umeme ukailegeza. Sawa, hiyo si ni adrenalini? Wakaiziba adrenalini pia. Bado ikalegea! Ni sumu ya bunju tu, yule samaki ambaye wavuvi wa pwani wanajua kumuogopa, iliyonyamazisha kila kitu, kwa sababu inazima neva zenyewe.

Kwa hiyo palikuwa na neva ya tatu, breki ambayo hakuna aliyejua inatumia kemikali gani. Wawili hao walidokeza kwamba huenda hitilafu yake ndiyo inayofanya vifua vya wenye pumu viwe vyepesi kubana.

Ilichukua miaka 16. Mwaka wa 1992 huko London, Maria Belvisi, Peter Barnes na wenzao, akiwemo daktari wa moyo Magdi Yacoub, mzaliwa wa Misri, walirudia umeme uleule. Walipozuia nyama isitengeneze nitriki oksaidi, kulegea kukafifia. Yaani gesi, tena ileile inayotoka kwenye ekzosi ya matatu, ndiyo neva hutumia kutufungulia kifua.

Ungedhani basi dawa ni kuivuta tu. Wapi! Ikivutwa, inafungua njia za hewa kidogo sana. Na mwaka wa 1993 ikaonekana kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi kuliko wengine wanapopumua, kwa kuwa kifua chenye uvimbe nacho huitengeneza. Leo madaktari huipima kwenye pumzi kujua uvimbe umefika wapi. Ndugu yangu bado anatembea na salbutamol mfukoni.