Frasila Mbili: Tarehe ya Prokura ya Mapadre Weupe

Kabla Padre Mweupe yeyote hajakanyaga Ujiji wala Buganda, Padri Félix Charmetant alitangulia Unguja kutafuta wapagazi. Mwaka ulikuwa 1878. Februari ya mwaka huo Papa Leo XIII alikuwa amelikabidhi shirika la Wamisionari wa Afrika, ndio hao Mapadre Weupe, nchi za maziwa makuu, na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyeliasisi mwaka 1868, hakukawia: Machi watu kumi wakaaga Algiers.

Shughuli ile ya Charmetant ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya prokura ya Unguja. Prokura ni nyumba ya padri mtunza mali. Hupokea fedha na shehena kutoka Ulaya, hununua, hufunga, hupeleka. Kwa stima, kupitia Suez na Aden, zilikuja divai ya misa, dawa, vitabu na zana za useremala. Lakini bara hakuna aliyepokea faranga. Kule fedha ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, na mnunuzi wa Unguja ilimpasa ajue ni shanga za rangi gani zinapendwa wapi, maana walizozigombea hapa, siku tano mbele hazinunui hata kuku. Ugogoni palikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kila mtemi. Wapagazi nao walidai posho yao kwa nguo.

Vyote hivyo viligawanywa mizigo ya kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kipimo cha bega la mtu. Wenyeji wa Mapadre Weupe pwani walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwako Unguja tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868. Bila wazoefu hao sioni wageni wangeanzia wapi.

Msafara wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwezi Juni. Padri Pascal, mkuu wa kundi lililokwenda Ziwa Tanganyika, alifia njiani Agosti. Wenzake waliingia Ujiji Januari 1879, na Februari Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akafika Buganda pamoja na Bruda Amans. Tarehe hizi tunazo kwa sababu Lavigerie aliagiza kila kituo kiandike shajara na kupeleka nakala makao makuu kila miezi mitatu. Nakala hizo nazo zilishuka pwani kwa miguu. Padri Deniaud na wenzake wawili walipouawa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, Mei 1881, habari ilifuata njia hiyohiyo. Inaniuma kwamba siku ya kufa ya karibu kila padri tunaijua, ilhali Wanyamwezi waliowabebea mizigo wengi wao hawana hata jina.

Mwaka 1888 alipita Unguja, akielekea bara, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa uganga Malta. Mwaka huohuo vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliivuruga njia ya Bagamoyo.

Kilichoimaliza misafara ni reli. Ile ya Mombasa iligusa Kisumu mwaka 1901. Ya Dar es Salaam ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Atiman alikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1889, na huko alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Dawa zake za kwanza zilimfikia kwa mabega. Za mwisho kwa treni na meli.