Ufunguo wa Simu Yako Uko kwa Nani?

Wasee, hebu jaribu kufuta zile programu zilizokuja na simu yako. Si zile uliweka mwenyewe, zile ulizikuta ndani. Nyingi zitakataa. Unaweza kuzizima, lakini kuzitoa kabisa, wapi. Simu umelipia, risiti unayo, na bado kuna mlango ndani ambao hukupewa ufunguo wake. Kuufungua kwa nguvu ndiko mafundi huita kuruti, na wa iPhone huita kuvunja jela. Watu hudhani ni mambo ya wezi. Historia inasema tofauti.

Mwaka 1969, kwenye maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix. Kompyuta wakati huo ilikuwa mashine moja ya watu wengi, kama ploti ya wapangaji: kila mtu na chumba chake, halafu keateka mmoja mwenye funguo zote. Akaunti ya huyo keateka iliitwa root, yaani mzizi. Ilikuwa na maana, kwa sababu mpangaji mmoja akiharibu vitu vyake asiwaharibie majirani. (Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hiyo topiki ilinishika mpaka leo.) Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa Linux, ambayo ilifuata mpangilio huo huo, na Android ikajengwa juu ya Linux. Kwa hivyo yule keateka sasa anaishi mfukoni mwako. Shida ni kwamba ploti imebaki na mpangaji mmoja tu, wewe, na funguo bado zinashikwa na kampuni iliyotengeneza simu.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa T-Mobile G1, Oktoba 2008. Haikumaliza hata miezi miwili kabla mlango kupatikana wazi, na namna ulivyopatikana ni kichekesho. Jamaa mmoja alikuwa anachati na mpenzi wake, akaulizwa mbona hajibu. Alikuwa ametoka tu kuzima na kuwasha simu, so akaandika jibu la neno moja: reboot. Simu ikajizima na kuwaka upya.

Kumbe wahandisi walikuwa wamesahau kitu. Simu ikiwaka, nyuma ya pazia kulikuwa na programu ya kupokea amri, tena kwa mamlaka ya root, na ilikuwa inasikiliza kibodi. Kila ulichoandika, iwe ni meseji au jina la mtu, kilipelekwa pia huko kama amri. Fikiria ungeandika kwa bahati mbaya amri ya kufuta kila kitu! Watu wakagundua ukiandika telnetd unajifungulia mlango wa kuingia simu yako kama root. Google ikaziba shimo haraka kwa toleo lililoitwa RC30. Unajua watu walifanya nini? Walirudisha simu zao nyuma makusudi hadi RC29, lile toleo bovu, ili wapate ufunguo. Desemba mwaka huo huo Google ikaanza kuuzia wanaounda programu simu kama hiyo hiyo ikiwa imefunguliwa, kwa dola 399. Yaani ufunguo ulikuwepo kitambo, ni vile tu ulikuwa na bei na watu wake.

Upande wa iPhone, Cydia, duka la programu za simu zilizovunjwa jela, lilifunguliwa Februari 2008, miezi kadhaa kabla Apple kufungua App Store. Julai 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaamua kuvunja jela simu yako si kosa chini ya sheria ya hakimiliki. Mwaka 2012 ikasema simu sawa, lakini tableti hapana. Kifaa ni kile kile, kimeongezwa kioo tu. Tableti zilingoja mpaka 2015.

Hapa kwetu hamu ya kuruti ilikuwa ya shida, si ya kujionyesha. Huawei IDEOS iliyouzwa na Safaricom kuanzia 2011, kwa kama elfu nane hivi, iliwapa Wakenya wengi Android yao ya kwanza. Memori yake ilikuwa finyu, programu chache tu na imejaa. Waliojua kuruti walihamishia programu kwenye memori kadi, maisha yakaendelea.

Sitawadanganya, kuna hatari. Programu ikipata root inaweza kusoma hadi siri za programu nyingine, ndiyo maana apu nyingi za benki hukataa simu iliyorutiwa. Mimi simu yenye pesa zangu siigusi. Ya zamani iliyo kwa droo, hiyo ni ya majaribio. Na mkisema wanaoruti ni wahalifu, John Wu, aliyetoa Magisk mwaka 2016, programu ya kuruti inayotumika sana, aliajiriwa na Google 2021, kwenye usalama wa Android.

Kinachonisumbua sasa ni simu za mkopo. Lipa Mdogo Mdogo ilipoanza 2020, ilikuwa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu inafungwa kutoka mbali. Mkopo ni mkopo, na simu hiyo imewaingiza wengi mtandaoni, hilo silipingi. Lakini hiyo ni nguvu ya keateka kabisa, kufungia mtu mlango akiwa nje. Kama unalipia simu ya aina hiyo, kwa kampuni yoyote ile, siku ya malipo ya mwisho usiondoke dukani kabla hujauliza: ile programu ya kufunga inatolewa lini, na nani, na nitajuaje imetoka?